Spika za Kuzamishwa Ukutani au za Kusimama Sakafuni? Mwongozo Kamili wa Kuchagua Kabla Hujatoboa Ukuta

Kosa ninaloandikiwa kuliko yote ni lile lile. Mtu amenunua spika za kuzamishwa ukutani, fundi amekata matundu, rangi imeshakauka, halafu muziki unatoka mkavu, besi haipo, na walio chumba cha pili wanasikia kila neno la filamu. Mwingine amenunua spika ndefu za kusimama, akazisukuma kwenye pembe za chumba ili zisizuie njia, na sasa besi inanguruma hadi maneno ya mwimbaji yamefunikwa. Wote wawili walichagua spika kwanza, wakakiangalia chumba baadaye.

Hapa tunaanza na chumba. Utapima, utachunguza ukuta, utafanya jaribio la siku kadhaa bila kununua chochote, ndipo uamue. Usiruke hatua ya 2, kwani wengi humaliza uamuzi wao hapo hapo.

## Vitu vya kuandaa

- Futikamba ya mita 5 au zaidi, penseli na pimamaji.
- Tepu ya karatasi wanayotumia wapaka rangi, ile inayobanduka bila kuchubua kitu.
- Maboksi matupu yanayoweza kupangwa hadi kimo cha mita 1.
- Kifaa cha kutambua nguzo, chuma na nyaya zilizofichwa ukutani. Ukikikosa, sumaku ndogo yenye nguvu itakuonyesha skrubu zilizoshikilia bodi ya jipsamu, na skrubu ndizo zinazoonyesha nguzo ilipo.
- Drili yenye ncha ya milimita 6, na waya mgumu wa urefu wa sentimita 30.
- Karatasi ya maelezo ya amplifaya au resiva yako, yaani kile kifaa kinachozipa spika nguvu.
- Betri ya volti 1.5.
- Wimbo mmoja unaoujua kwa moyo, wenye sauti ya mtu mmoja katikati na besi iliyo wazi.

## Hatua ya 1: Weka kiti kwanza

Sauti nzuri huwa ya mahali fulani, na mahali penyewe ni pale kichwa chako kinapokaa. Chagua kiti utakachosikilizia, kisha pima kutoka hapo.

Kwa spika mbili, lenga pembetatu yenye pande tatu sawa: umbali kati ya spika na spika ulingane na umbali wa kila spika hadi kichwani. Mita 2 hadi 3 hufaa vyumba vingi. Ukizitenganisha mno, sauti ya mwimbaji inapasuka vipande viwili. Ukizikaribisha mno, kila chombo kinatoka sehemu moja.

Epuka sehemu mbili. Ya kwanza ni katikati kabisa ya urefu wa chumba. Chumba cha mita 5 hujenga wimbi lake kubwa karibu na 34 Hz, yaani mitetemo 34 kwa sekunde, na katikati ya chumba wimbi hilo hufifia, kwa hiyo kiti kilichowekwa hapo hakipati besi ya chini. Ya pili ni kuegemeza kichwa kwenye ukuta wa nyuma, maana hapo besi hurundikana. Mahali pazuri pa kuanzia ni theluthi moja ya urefu wa chumba ukihesabu kutoka ukuta wa nyuma.

Utajua umefaulu ukiwa na namba tatu kwenye karatasi: umbali wa spika hadi spika, umbali wa spika hadi kiti, na umbali wa kiti hadi ukuta ulio nyuma yake.

## Hatua ya 2: Uhoji ukuta

Gonga ukuta kwa kifundo cha kidole kila baada ya sentimita 10, kwenye kimo cha masikio ya mtu aliyeketi. Mlio wa wazi una maana ya bodi ya jipsamu yenye uwazi nyuma yake. Mlio mfu una maana ya tofali, jiwe au zege.

Kwenye ukuta wa jipsamu, tafuta nguzo za ndani. Mara nyingi huachana kwa sentimita 40 au 60 kutoka katikati ya moja hadi katikati ya nyingine, na spika lazima ikae kati yake. Usikate nguzo hata kama muuzaji anakuambia ni kipande kidogo tu.

Kisha hakikisha uwazi hauna kitu. Zima umeme kwenye swichi kuu. Toboa tundu moja dogo la milimita 6 katikati ya sehemu uliyoichagua, pinda waya mgumu uwe na umbo la L, uingize, na uzungushe taratibu. Ukizunguka bila kugusa kitu, uwazi upo. Ukigonga kitu, ziba tundu hilo kwa lipu kidogo na usogee. Tumia waya huo huo kupima kina: spika nyingi za kuzamishwa hutaka sentimita 8 hadi 11 nyuma ya bodi. Soma namba halisi kwenye karatasi ya spika unayoifikiria, kwa sababu upungufu wa sentimita moja tu unatosha kuizuia isiingie.

Kwenye ukuta wa tofali au zege una njia mbili tu. Moja ni kujenga ukuta wa pili wa jipsamu mbele ya ule wa zamani, na hapo chumba kinapungua sentimita 10 au zaidi. Nyingine ni kuchimba, na hiyo siishauri. Uchimbaji unadhoofisha ukuta, unaleta ufa kwenye lipu, na kwenye zege lenye nondo au ukuta unaobeba jengo haufai kabisa bila mhandisi.

Onyo. Acha mpango wa kuzamisha spika ikiwa:

- nyumba ni ya kupanga na mwenye nyumba hajaridhia kwa maandishi;
- ukuta umejengwa kuzuia moto, kama ule unaotenganisha nyumba yako na ya jirani, kwani tundu linaua kazi hiyo ya ukuta;
- kuna bomba la maji au dalili ya unyevu;
- ukuta ni wa nje na ndani yake kuna tabaka la kuzuia joto au baridi ambalo lingelazimika kuondolewa.

Tundu la ukutani ni maji yaliyomwagika. Likipatikana hata moja kati ya hayo manne, nenda kwenye spika za kusimama na uruke hatua ya 7.

## Hatua ya 3: Elewa ukuta unavyoibadilisha sauti

Hatua hii haina vifaa, lakini ndiyo itakayokuepusha na majuto, kwa hiyo isome bila haraka.

Sauti nyembamba hutoka kwenye spika kama mwanga wa tochi: huenda mbele. Sauti nzito haiendi hivyo. Huzunguka boksi la spika na kusambaa pande zote, na ile inayoelekea nyuma hugonga ukuta na kurudi. Inaporudi hukutana na ile inayotoka mbele. Ikiwa umbali wa kwenda na kurudi ni nusu ya wimbi, moja linasukuma hewa huku lingine likiivuta, na sauti hiyo inafutika.

Unaweza kukokotoa ni sauti ipi inayofutika. Gawanya 343, yaani mwendo wa sauti hewani kwa mita kwa sekunde, kwa mara nne ya umbali kutoka uso wa spika hadi ukuta ulio nyuma yake. Uso ukiwa sentimita 70 kutoka ukutani, shimo la sauti linatokea karibu na 122 Hz, palepale sauti ya mwanamume na gitaa la besi zinapokaa. Ukiwa mita 1, linashuka hadi 86 Hz. Watu wengi husikia upungufu huo wakadhani spika ni mbovu, wakaibadilisha, na spika mpya ikafanya vilevile.

Spika iliyozamishwa haina tatizo hilo, kwa kuwa uso wake ndio ukuta. Hakuna umbali wa kwenda na kurudi, na sauti nzito inapata nguvu zaidi kwa sababu inasukumwa upande mmoja tu. Huu ndio ubora wake mkubwa. Wauzaji hutaja kuokoa nafasi na uzuri wa macho, wakaliacha jambo hili ambalo kwangu mimi lina uzito zaidi.

Lakini spika ya kusimama ina boksi. Mtengenezaji amepima ujazo wake, ameliimarisha kwa ndani, na anajua koni, yaani ile sehemu inayotetemeka na kutoa sauti, itafanya nini. Spika ya kuzamishwa isiyo na boksi hutumia uwazi wa ukuta kama boksi lake, na hakuna anayejua ujazo wa uwazi huo. Spika ya kulia inaweza kuwa na uwazi mpana na ya kushoto mwembamba, zikatoa besi mbili tofauti. Zaidi ya hapo, bodi ya jipsamu hutetemeka, na sauti ya nyuma hupita moja kwa moja hadi chumba cha pili.

Dawa yake ni boksi la nyuma: kasha lililofungwa linalokaa ndani ya ukuta na kuibeba spika. Baadhi ya spika huja nalo, nyingine huliuza kando, nyingine hazina kabisa. Kati ya mambo yote ya kuangalia kwenye spika ya kuzamishwa, hili ni la kwanza. Ningechukua spika ya kawaida yenye boksi la nyuma kuliko ya kifahari isiyo nalo.

Tofauti ya mwisho ni uhuru wa kusahihisha. Spika ya kusimama ikikosea mahali, unaisogeza sentimita 20 na kusikiliza tena. Iliyozamishwa inakaa ulipokata, ikitazama ulikoelekeza. Chache zina twita (kispika kidogo cha sauti nyembamba) inayoweza kugeuzwa kidogo, na ukiweza kuipata ya namna hiyo, ipe kipaumbele.

## Hatua ya 4: Ishi na tepu kwa siku 5

Bandika tepu sakafuni ukichora alama ya spika ya kusimama. Kipimo cha sentimita 25 kwa 35 kinakaribia spika nyingi. Kama una modeli akilini, tumia vipimo vyake. Weka alama hiyo ili nyuma ya spika iwe sentimita 40 hadi 50 kutoka ukuta, na ubavu wake angalau sentimita 60 kutoka ukuta wa pembeni. Kisha panga maboksi juu ya alama hadi kimo cha mita 1.

Sasa endelea na maisha. Fungua milango, vuta mapazia, fagia, acha watoto wapite. Usiyaondoe maboksi hata mgeni akija.

Siku 5 zinatosha kuonyesha ukweli. Kama umeyagonga mara moja ukazoea, spika za kusimama zinaingia. Kama kila jioni mtu anayasogeza ukutani, basi hata spika zenyewe zitasogezwa ukutani, na utakuwa umelipia sauti ambayo hutaisikia.

Onyo kwa wenye watoto wadogo. Spika ndefu inaweza kuwa na kilo 20 au zaidi, na uzito wake uko juu kuliko unavyofikiri. Mtoto akiipanda, inaanguka. Kama huwezi kuifunga ukutani kwa mkanda au kuiwekea kitako kipana, chukulia kwamba jaribio limeshindwa.

## Hatua ya 5: Linganisha spika na amplifaya

Soma namba mbili kwenye karatasi ya spika.

Ya kwanza ni ukinzani, unaoandikwa kwa omu. Amplifaya iliyoandikwa omu 6 hadi 8 ikibebeshwa spika ya omu 4 kwa sauti kubwa hupata moto na hujizima. Spika za kusimama zenye wufa (koni kubwa za besi) kadhaa mara nyingi ndizo hushuka hadi omu 4.

Ya pili ni kiasi cha sauti ambacho spika hutoa kwa wati 1 ukiwa mita 1, kinachoandikwa kwa desibeli. Kila desibeli 3 zinazopungua hapo zinadai wati maradufu kutoka kwa amplifaya. Spika ya desibeli 84 inahitaji wati mara nne ili ifikie sauti ya ile ya 90. Desibeli 10 za ziada, ambazo sikio huzihisi kama sauti iliyoongezeka mara mbili, zinataka wati mara kumi.

## Hatua ya 6: Amua

Kama unasikiliza muziki zaidi ya kutazama filamu, na maboksi yalikaa siku zote 5, chukua spika za kusimama. Zitakupa besi bila sabufa, yaani spika ya pekee ya besi, utahama nazo, na ukizichoka utaziuza.

Kama ukuta ni wa jipsamu, au bora zaidi unajengwa sasa hivi, na chumba ni chembamba, chukua za kuzamishwa zenye boksi la nyuma. Tenga fedha ya sabufa tangu mwanzo. Nyingi za aina hii hazishuki chini vya kutosha, na anayenunua bila sabufa ndiye anayeniandikia kwamba muziki wake ni mkavu. Weka mpaka wa kugawana kazi kwenye 80 Hz, kipimo kinachotumiwa na THX, mfumo wa viwango vya sauti za sinema: chini ya hapo inafanya kazi sabufa, juu ya hapo spika.

Kuchanganya pia kunaruhusiwa. Mbele spika za kusimama, nyuma ya kiti spika za kuzamishwa kwa sauti za kuzunguka za filamu. Kule nyuma hakuhitaji besi nzito, na hakuna anayetaka nguzo mbili nyuma ya kochi. Usichanganye tu kushoto na kulia kwa mbele. Hizo mbili lazima zifanane kwa kila kitu.

Na kama njia zote mbili zimekataa, spika ndogo za rafu kwenye stendi, pamoja na sabufa, zitakufikisha. Usilazimishe.

## Hatua ya 7: Kama umechagua za kuzamishwa

Waya. Tumia waya wa shaba wa milimita 2.5 za mraba. Kwa mita 10, ukinzani wa kwenda na kurudi ni takriban omu 0.14, ambao kwa spika ya omu 8 ni mdogo sana. Kwangua ncha ya waya kwa kisu kabla ya kununua: ndani pakiwa peupe, ni alumini iliyopakwa shaba, na inakinza zaidi. Waya unaopita ndani ya ukuta uwe ule ulioidhinishwa kwa kazi hiyo, wenye ganda lisilosambaza moto kwa urahisi. Uweke sentimita 30 mbali na nyaya za umeme wa nyumba. Pakibidi kukutana, zikatishane kama msalaba, zisiende sambamba. Acha sentimita 50 za ziada mwishoni, na upige picha ya kila kitu kabla ukuta haujafungwa.

Kukata. Weka umeme ukiwa umezimwa. Bandika karatasi ya kiolezo iliyokuja na spika, twita ikiwa kwenye kimo cha masikio ya aliyeketi, kama sentimita 90 hadi 100 kutoka sakafuni. Nyoosha kwa pimamaji. Kabla ya kukata, keti kwenye kiti chako na mwambie mwenzako ashike kiolezo upande wa pili, mhakikishe pande zote mbili zinalingana kwa sentimita. Kata ndani kidogo ya mstari. Ni rahisi kupanua tundu kuliko kulipunguza.

Kufunga. Unganisha waya na upige wimbo wako kwa sauti ya chini kabla ya kukaza skrubu. Zikipiga zote mbili, kaza kwa bisibisi ya mkono, siyo drili, mpaka spika ikae imara, kisha acha. Ukikaza kupita hapo, masikio ya plastiki yanayobana bodi yanaisaga jipsamu na spika inabaki kulegea. Funga waya uliolegea kwa tepu ili usigonge bodi muziki unapopiga.

Ukitaka wavu unaofunika uso wa spika ufanane na ukuta, utoe, uupake matabaka membamba ya rangi ya kupuliza, na uangalie mwanga unapita kwenye kila tundu. Matundu yakiziba, sauti nyembamba inakufa.

## Hatua ya 8: Kama umechagua za kusimama

Ziweke pale tepu ilipokuwa. Sikiliza wimbo wako, kisha sogeza zote mbili sentimita 10 mbele, usikilize tena, halafu 10 nyuma. Besi ikinguruma, zitoe ukutani. Ikiwa nyembamba, zirudishe kidogo. Geuza nyuso zake polepole kuelekea kiti mpaka mwimbaji asimame katikati, kisha uache. Spika yenye tundu la hewa mgongoni inahitaji nafasi zaidi, na kama ilikuja na kizibo cha sponji, kijaribu kabla ya kulalamikia besi.

Spika ikiyumba ukiisukuma kwa kidole, rekebisha miguu yake.

## Hatua ya 9: Hakikisha

Kwanza, chanya na hasi. Chomoa nyaya kwenye amplifaya, gusisha betri kwa sekunde moja: chanya kwenye waya mwekundu, hasi kwenye mweusi. Koni ya wufa inapaswa kuruka nje, pande zote mbili. Ikiingia ndani upande mmoja, nyaya za spika hiyo zimegeuzwa, na hicho ndicho chanzo cha besi iliyopotea kwenye barua nyingi ninazopata. Rudisha nyaya kwenye amplifaya ikiwa imezimwa.

Pili, keti, fumba macho na upige sauti ya mtu anayezungumza kupitia spika zote mbili kwa pamoja. Unapaswa kumwonyesha kwa kidole alipo, katikati kabisa, mahali pasipo na spika. Akielemea upande mmoja, pima tena umbali hadi kichwani kabla ya kugusa kitufe chochote.

Tatu, funga mlango na umwombe mtu asimame chumba cha pili huku wimbo ukipiga kwa sauti ya kawaida. Akisikia besi ya mbali tu, kazi imekamilika. Akiweza kukutajia maneno, na spika zako ni za kuzamishwa, toa moja ukague boksi la nyuma: mara nyingi kuna pengo pale waya unapoingilia, na huzibika kwa gundi ya silikoni.